Saa Huanza Kuhesabu Wapi? Kuanzisha na Kupima Mbio za Farasi Kwenye Nyasi

Kwetu Afrika Mashariki mazungumzo ya michezo ni ya kandanda na riadha. Farasi huachiwa wenye farasi. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kubishana juu ya rekodi ya mita mia moja atajikuta nyumbani katika mambo yatakayoelezwa hapa, kwa sababu mzozo ni uleule: nani aliondoka lini, na nani aliyeiona saa.

Lengo la mhadhara huu ni kuonyesha kwamba muda wa mbio za farasi, yaani ile namba inayoandikwa ubaoni na kuingia vitabuni, haueleweki mpaka mtu ajue mbio zilianzishwaje, saa ilianza kuhesabu kutoka wapi, na ardhi ilikuwa na hali gani siku hiyo. Anayeibeba namba peke yake amebeba nusu ya habari, na mara nyingi ni ile nusu isiyo na uzito.

Mazungumzo yatahusu mbio za nyasi. Epsom na Newmarket kule Uingereza, Longchamp Ufaransa, Flemington Australia na Tokyo Japani, mbio zao kubwa hukimbiwa juu ya nyasi. Hapa kwetu uwanja wa Ngong jijini Nairobi, unaosimamiwa na Jockey Club of Kenya na uliotumika tangu 1954, nao ni wa nyasi. Nyasi zina maisha yake: hunywa maji, hukauka, huchimbwa na kwato. Basi kuzipimia muda kuna shughuli kuliko kupima njia ya mpira aliyotandaziwa mwanariadha.

1. Kuanza ni suala la haki kabla ya kuwa suala la muda

Turudi Doncaster, kaskazini mwa Uingereza, Septemba 1827. Katika mbio za St Leger alikuwamo farasi Mameluke, mshindi wa Derby ya Epsom ya mwaka huohuo. Mwenye farasi, John Gully, alikuwa bondia wa zamani ambaye baadaye aliingia bungeni, na alikuwa ameweka dau zito. Siku hizo farasi walisogea kwa pamoja kuelekea mwanzishaji, naye akiridhika aliwaruhusu kwa sauti. Siku ile waliondoka vibaya wakarudishwa, wakaondoka tena wakarudishwa, mara kadhaa. Mameluke, farasi mwenye hasira za karibu, alichanganyikiwa kabisa. Mbio zilipoanza kweli, aliachwa nyuma sana. Alikimbia kwa nguvu zote akawapita karibu wote, lakini hakumfikia Matilda. Watu wengi waliamini kwamba fujo ile ilipangwa na waliotaka Mameluke ashindwe.

Hebu wasikilizaji walitafakari jambo hilo. Kumdhuru farasi yule hakukuhitaji sumu wala kumhonga mpandaji wake. Ilitosha kuuvuruga mwanzo. Miaka mitatu baadaye, katika Derby ya 1830 aliyoishinda Priam, farasi walirudishwa zaidi ya mara kumi kabla ya kuruhusiwa.

Mtu aliyeishika kero hiyo na kuifanyia kazi ni Lord George Bentinck, mwanasiasa na mwenye farasi wengi, katika miaka ya 1830 na 1840. Aliondoa ruhusa ya kupigiwa kelele, akaweka bendera. Mwanzishaji aliishika moja, na msaidizi wake akasimama mbele zaidi na nyingine, ili wapandaji wote waione kwa wakati mmoja badala ya kutegemea masikio. Utaratibu ule ulisaidia sana, ingawa farasi bado walikuwa wakisogea, na mpandaji mjanja bado aliweza kuiba hatua mbili tatu.

Kizuizi cha kweli kilitoka Australia. Mwaka 1894, katika uwanja wa Canterbury Park mjini Sydney, kilitumika kizuizi cha Alexander Gray, kilichotandazwa mbele ya farasi na kufyatuka kwenda juu. Uingereza ilikiiga, na Derby ya 1901, aliyoishinda Volodyovski, ikaanzishwa kwa kizuizi cha aina hiyo.

Vizimba vyenyewe, kila farasi na chumba chake chembamba chenye mlango mbele na nyuma, vilipata umbo la kisasa mikononi mwa Mmarekani Clay Puett, ambaye lango lake la umeme lilianza kazi Vancouver, Kanada, mwaka 1939. Viwanja vya Marekani vilivipokea upesi. Melbourne Cup ilivitumia kwa mara ya kwanza mwaka 1958. Waingereza walisita mpaka Julai 1965 pale Newmarket, na Derby yao ikavipata mwaka 1967, mwaka wa ushindi wa Royal Palace. Karibu miaka thelathini ilipita kati ya Vancouver na Epsom, na si kwa kukosa fedha. Wengi waliona kumfungia farasi ndani ya chuma kabla ya mbio ni kumtesa, na kwamba kumtuliza farasi mstarini ni sehemu ya ustadi wa mpandaji. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Lakini ukiiweka kando ya yaliyompata Mameluke, kizimba kina haki zaidi.

Chombo chenyewe hufanya kazi hivi. Milango ya mbele huvutwa na springi zinazotaka kuifungua, na hushikiliwa na sumaku za umeme zisizoiachia. Farasi huingizwa mmoja mmoja kutoka nyuma na watu wa vizimba, watu wenye mikono migumu na moyo mkubwa, ambao kazi yao ni ya hatari na majina yao hayatangazwi. Mwenye woga hufunikwa macho kwa kofia ya kitambaa, nayo huvuliwa akishaingia. Mwanzishaji husimama pembeni kwenye jukwaa lake, huwatazama wote, na akiona vichwa vimetulia hubonyeza kitufe. Umeme hukatika, sumaku huachia, milango yote hufunguka kwa mpigo mmoja. Ukatikaji huohuo wa umeme unaweza kuiamuru saa ianze.

Wapenzi wa riadha waliomo humu watauliza juu ya kuondoka mapema. Mwanariadha anayekiacha kibao cha kuanzia kabla ya sehemu moja ya kumi ya sekunde kupita tangu mlio wa bunduki huhesabiwa ametangulia. Kwa farasi sheria hiyo haina maana. Farasi hajui kuwa anashindana na saa. Akipiga teke mlango uliofungwa huumia yeye. Kwa hiyo mzigo wote humwangukia mwanzishaji: asifungue wakati mmoja wao ameinua miguu ya mbele au amegeuza shingo, na asikawie hadi waliotulia wachoke kutulia. Hiyo ni hukumu ya jicho, na hakuna chombo kilichomwondolea.

2. Pale mwanzo unapovunjika, muda hauna thamani

Si mbio zote za nyasi hutumia vizimba. Mbio za kuruka viunzi ni ndefu, farasi ni wakubwa, na faida ya hatua moja mwanzoni ni ndogo. Huko hutumika utepe na bendera. Kwa miaka mingi ilionekana inatosha, mpaka tarehe 3 Aprili 1993.

Siku hiyo katika uwanja wa Aintree, karibu na Liverpool, farasi 39 walijipanga kwa ajili ya Grand National, mbio za zaidi ya kilomita saba. Mara ya kwanza waliondoka vibaya wakarudishwa. Mara ya pili utepe haukupanda ulivyotakiwa, ukamnasa shingoni mpandaji Richard Dunwoody. Mwanzishaji aliinua bendera nyekundu ya kuwarudisha, lakini haikukunjuka. Mwenye bendera aliyekuwa mbele, ambaye ndiye angewazuia, hakuwazuia. Wapandaji 30 wakaendelea na mbio, na kelele za watazamaji waliojaribu kuwasimamisha wakazidhania za waandamanaji. Wengine walisimama baada ya mzunguko mmoja. Saba walimaliza.

Aliyefika wa kwanza ni Esha Ness, akiwa na mpandaji John White, farasi wa mkufunzi Jenny Pitman. Muda wake ulikuwa dakika 9 na sekunde 1 na nukta chache, wa pili kwa kasi katika historia yote ya Grand National mpaka siku hiyo. Kisha mbio zikatangazwa batili. Madau ya pauni milioni 75 hivi yakarudishwa kwa wenyewe, na uchunguzi rasmi ukaundwa chini ya jaji.

Mabibi na mabwana, tukio hilo lina uzito kuliko mifano mingine yote ya jioni hii. Farasi wale walikimbia umbali wote, wakaruka viunzi vyote, na saa iliwapima. Lakini mwanzo haukuwa halali, na kwa sababu hiyo muda ule haumo katika orodha yoyote rasmi. John White alipoteza ushindi wa maisha yake pasipo kosa lake.

Aintree ilijirekebisha, na bado inajirekebisha. Kuanzia 2024 idadi ya farasi imepunguzwa kutoka 40 hadi 34, kiunzi cha kwanza kimesogezwa karibu kwa yadi 60 ili wasikifikie kwa kasi kubwa mno, na farasi huanza wakiwa wamesimama. Yote matatu ni marekebisho ya sehemu ya kwanza ya mbio.

3. Mkono wa binadamu una haraka zake

Sasa tuitazame saa yenyewe. Hapa ni Epsom tena, kwenye njia ya mita 1,006 inayoteremka moja kwa moja, ambayo inahesabiwa miongoni mwa njia za kasi zaidi duniani. Mwaka 1960 farasi Indigenous aliikimbia kwa sekunde 53.6. Mwaka 2012, Stone Of Folca aliikimbia kwa sekunde 53.69. Kwa hesabu ya darasa la nne, Indigenous ndiye mwenye kasi. Lakini yeye alipimwa kwa saa ya mkono, na Stone Of Folca kwa saa ya umeme.

Mtu anayeshika saa hutazama mwanzo kwa mbali, na kidole chake huchelewa kiasi cha sehemu mbili za kumi za sekunde. Mwishoni, farasi wanamjia. Anawaona wakikaribia mstari, na kidole chake huwa tayari. Makosa hayo mawili hayafutani. La mwanzo hula muda, la mwisho haliurudishi wote. Ndiyo maana riadha, inapolinganisha mbio fupi za saa ya mkono na za umeme, huongeza sekunde 0.24 kwenye za mkono. Farasi hawana kanuni rasmi kama hiyo, lakini tukiiazima kwa mfano tu, Indigenous angehesabiwa sekunde 53.84. Kwa mwendo wa Stone Of Folca, ambao ni zaidi ya kilomita 67 kwa saa, sekunde 0.24 ni takriban mita nne na nusu, karibu urefu wa farasi wawili.

Jina jingine linalostahili kutajwa mbele ya hadhira ya Afrika Mashariki ni Mahmoud, farasi wa kijivu wa Aga Khan wa Tatu. Wazee wa Dar es Salaam wanamkumbuka Aga Khan huyo kwa sherehe ya Agosti 1946, alipopimwa kwa almasi. Waingereza walimjua kama mtu aliyeishinda Derby mara tano. Mwaka 1936, kwenye ardhi kavu iliyokaza, Mahmoud aliimaliza Derby kwa dakika 2 na sekunde 33.8, mbele ya farasi mwingine wa Aga Khan huyohuyo, Taj Akbar. Ni muda wa saa ya mkono, uliosomwa kwa sehemu za tano za sekunde kama ilivyokuwa desturi. Ulikaa kileleni miaka 59, hadi Lammtarra wa Dubai alipopimwa kwa dakika 2 na sekunde 32.31 mwaka 1995. Mwaka 2010 Workforce akaushusha hadi 2 na sekunde 31.33. Kuna sababu ya kumheshimu Mahmoud kwa kudumu kwake muda mrefu, na kuna sababu ya kutouweka muda wake kwenye mizani moja na hao wawili.

Mstari wa mwisho nao ulihitaji jicho lisilopepesa. Derby ya 1828 na ya 1884 zote zilihukumiwa sare na mwamuzi aliyetegemea macho yake. Ya kwanza ikarudiwa na Cadland akamshinda The Colonel. Ya pili St Gatien na Harvester wakagawana zawadi. Kamera ilianza kutumika Uingereza mwaka 1947, na mwaka 1949 iliamua Derby kwa mara ya kwanza, ikampa Nimbus ushindi dhidi ya Amour Drake kwa urefu wa kichwa.

Kamera hiyo haikuwa ya kawaida. Haikuwa na fremu, ilikuwa na mwanya mmoja mwembamba uliolengwa kwenye mstari, na filamu ilipita nyuma ya mwanya huo bila kusimama. Kwa hiyo kila kilichomo pichani kilikuwa mstarini, ila kila kimoja kwa wakati wake. Kwenda kulia au kushoto katika picha ni kwenda mbele au nyuma katika muda. Ndiyo maana mguu wa farasi mara nyingine huonekana umerefuka au umepinda vibaya: ulikaa mstarini kwa muda mrefu au mfupi kuliko mwili.

Na hapa kuna jambo ambalo hata waweka dau wa miaka mingi hawalijui. Matokeo ya Uingereza yanaposema farasi alishinda kwa urefu wa farasi watatu, hakuna aliyepima urefu huo kwa kamba. Umetokana na muda. Mbio za bapa, yaani zisizo na viunzi, kwenye nyasi nzuri au kavu huhesabiwa urefu sita kwa kila sekunde. Nyasi zikilowa, huhesabiwa urefu tano. Pengo la sekunde mbili ni urefu 12 siku ya jua na 10 siku ya tope.

4. Umbali nao hucheza

Uingereza huanza kuhesabu muda milango ya vizimba inapofunguka. Marekani na Kanada hufanya vingine: vizimba huwekwa nyuma kidogo ya alama ya umbali, farasi huondoka, hukusanya mwendo, na saa huanza pale wa kwanza anapoifikia alama. Kipande hicho cha bure hakilingani. Katika mbio moja kinaweza kuwa kifupi na katika nyingine kirefu, kulingana na pahala panapofaa kuweka vizimba. Farasi anayesimamishwa na kuanza kutoka kwenye utulivu hutumia sekunde za kwanza kutafuta mwendo. Mwenzake wa Marekani amesamehewa sekunde hizo. Kuwalinganisha kwa namba tupu ni kumdhulumu mmoja wao.

Halafu uzio wa ndani. Nyasi zilizokanyagwa wiki iliyopita zinahitaji kupumzika, hivyo uzio husogezwa nje kwa mita kadhaa, na kwa kufanya hivyo kila kona hurefuka. Mbio zilizoandikwa za mita 2,400 zinaweza kuwa ndefu kuliko hizo. Watunza viwanja makini hutangaza nyongeza hiyo. Rekodi ambazo hazikuzingatia nyongeza hiyo zinastahili shaka.

Mfano wa wazi uko Melbourne. Mpaka 1971 Cup yao ilikuwa maili mbili, karibu mita 3,219. Mwaka 1972 ikawa mita 3,200. Kingston Rule aliyeweka rekodi ya dakika 3 na sekunde 16.3 mwaka 1990 alikimbia karibu mita 19 pungufu ya babu zake.

Hali ya nyasi hupimwa pia. Uingereza hutumia kijiti maalumu chenye kipimo ndani yake: huchomekwa ardhini kisha huinamishwa, na husoma nguvu ya kupenya na nguvu ya kurarua. Ufaransa hutumia kipimo cha kuangusha uzito. Tokyo, Novemba 2018, nyasi zilikuwa fupi, kavu na zilizokaza, na farasi jike Almond Eye akaikimbia Japan Cup ya mita 2,400 kwa dakika 2 na sekunde 20.6. Rekodi ya Alkaased ya 2005 ilikuwa 2 na sekunde 22.1. Mbio za Arc de Triomphe ni za umbali uleule, na muda bora wa Longchamp wa Danedream, mwaka 2011, ni 2 na sekunde 24.49. Zilipohamishiwa Chantilly mwaka 2016, Found alitumia 2 na sekunde 23.61. Farasi hawa wote ni wa daraja la juu kabisa. Tofauti kubwa iko chini ya kwato zao.

Yanayokuja

Sasa viwanja vingi vikubwa havitosheki na muda mmoja wa jumla. Kifaa kidogo huwekwa chini ya nguo ya tandiko la kila farasi, kikasomwa na minara ya redio au setilaiti, na kila kipande cha mita 200 kikapata muda wake kwa kila farasi. Wajapani wamekuwa wakichapisha muda wa vipande vya kiongozi kwa miongo mingi, na uwanja wa Meydan wa Dubai, uliofunguliwa 2010, ulianza na teknolojia ya vifaa hivyo. Vifaa vya setilaiti vilipoanza kutumika Marekani vilileta makosa ya wazi katika baadhi ya mbio, na ilibidi vikaguliwe kwa vipimo vya zamani. Tahadhari hiyo ifike kwetu kabla ya vifaa kufika.

Kwa uwanja kama Ngong, ulio zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na wenye masika yanayobadili nyasi kwa siku chache, faida ingekuwa kubwa. Kabla ya kununua kifaa chochote, kuna mambo yasiyogharimu fedha nyingi: kuandika katika kila matokeo kama muda ni wa mkono au wa umeme, uzio ulikuwa wapi, ardhi ilisomekaje, na mbio zilianza kwa kizimba au kwa bendera. Vijana wa takwimu na wahandisi waliomo humu wanaweza kuianza kazi hiyo msimu ujao, kwa daftari moja na ruhusa ya wenye uwanja. Baada ya miaka kumi mtu atakayetaka kumlinganisha mshindi wa Derby ya Kenya na aliyemtangulia atakuwa na msingi wa kusimamia, na maswali yatakayofuata baada ya mhadhara huu yaanzie hapo: nani yuko tayari kulishika daftari hilo, na tuanze na mbio zipi?